Nyumba ya mawe Lamu: tuipambe kabla ya kuiuza, au tuiache ilivyo?

Mrithi wa Mkomani
Assalam aleikum jamaa. Nyumba ya marehemu nyanya yetu iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale, ghorofa moja juu, na warithi wanne tumekubaliana kuiuza. Makubaliano yameishia hapo. Kaka mkubwa anataka kuta zilizobanduka zipigwe lipu ya saruji, sakafu itiwe vigae vyeupe, na upande wa njia liwekwe dirisha la alumini ili nyumba "ipate uso". Vigae ameshanunua, maboksi 20, vimevushwa kutoka Mokowe, bara, na kupandishwa na punda. Mimi nasema kila shilingi anayoitia hapo anaishusha nyumba bei. Yeye naye anasema kazi ya chokaa ni ghali, mafundi wake wanahesabika, na sheria ya turathi inambana asiye na kitu. Semeni bila kuoneana haya: mwenye nyumba ya mji wa kale aachwe aifanye atakavyo kabla ya kuuza, au abanwe?

Fundi wa Langoni
Saruji nilizobandua ni nyingi kuliko nilizopaka, na mara nyingi nilizibandua kwa aliyenunua, aliyekuja kunung'unika mwaka wa pili. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinavuta maji kutoka chini pamoja na chumvi yake, na chokaa huyaachia yakatoka polepole. Ukiziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, chumvi inakauka nyuma ya lipu, kisha lipu inadondoka vipande vipande na ngozi ya ukuta nayo. Kwa hivyo kaka yako atanunua miezi kadhaa ya weupe, basi.

Kama pesa ni chache, anza darini, yaani juu ya paa bapa. Ziba nyufa za sakafu ya juu, zibua mikondo ya maji, kata mti uliojiotea ukutani (mizizi ya mtini ni adui kuliko mvua). Kisha piga boriti moja moja kwa nyundo, hasa vichwa vyake vilivyozama ukutani, maana huko ndiko mchwa na unyevu huanzia. Badilisha zilizokufa tu. Boriti si za kuchezea: Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti, kazi nyingi zetu zilikwama. Mwisho kabisa ndiyo upake chokaa ya maji, mikono miwili mitatu myembamba.

Dalali Mzoefu
Fundi, nakuheshimu, lakini mnunuzi hapigi boriti nyundo. Anaingia, ananusa. Nyumba ikinuka popo na unyevu, hata ukimwonyesha zidaka (vishubaka vya ukutani) za karne ngapi, ameshashuka bei moyoni. Mimi huwaambia wenye nyumba wafanye mambo ya bei ya chai: watoe magodoro na mapipa ya miaka 30, wafungue madirisha juma zima, waoshe kiwanda, yaani ua wa ndani, wasugue ule mlango wa mbele na kuupaka mafuta, waweke bomba na choo kinachofanya kazi. Choo, jamani! Nimepoteza wateja wawili kwa choo.

Ila kuhusu vigae niko na fundi. Anayekuja kununua Mkomani, awe wa Nairobi au Mzungu, hakufuata vigae. Vigae anavyo kwao.

Kijana wa Mui
Nyote mnazungumza kama watu wenye pesa. Tangu UNESCO ituweke kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, sifa ni ya dunia, gharama ni ya mwenye ukuta. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 imewapa watu wengine sauti juu ya nyumba ya babangu. Mawe ya Maweni kisiwani Manda, chokaa, punda, fundi, vyote natoa mimi. Kama wanataka chokaa, wachangie chokaa. Hadi hapo, niacheni na mfuko wangu wa saruji.

Bi wa Usita wa Mui
Mwanangu, hasira yako ina haki na nakuunga mkono wachangie. Lakini nimeona nyumba zikiuzwa vipande: leo mlango, kesho makabati, keshokutwa mfuniko wa birika la kuhifadhia maji. Anayebaki na kuta tupu hupewa bei ya kuta tupu. Tena mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa na sheria hiyohiyo unayoilaani. Ukiuharibu au ukaachia utoke nchini kinyemela, mashaka ni yako.

Malindi Kwetu
Mmebishana ukuta, hakuna aliyeuliza ardhi ni ya nani! Huku Malindi nyumba kibao zimekaa juu ya kiwanja cha mtu mwingine, yaani nyumba bila ardhi, na mwenyewe analipa kodi ya kiwanja kila mwaka. Mnunuzi akishajua hilo, rangi yako haina maana. Na ile ya Mkomani, hati ina jina la nani? Kama bado ni la nyanya, mkamalize mirathi kwa kadhi, kila mrithi aandikwe fungu lake, ndipo muite fundi.

Mhasibu
Naongeza moja. Kodi ya faida ya kuuza mali ilikuwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni 15. Gharama za kuikarabati nyumba kwa kuiongezea thamani hutolewa kwenye hiyo faida, mradi uwe na risiti. Mafundi wetu hawaandiki risiti, basi waandikisheni. Aliyekaa mwenyewe humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza anasamehewa, kwa hiyo angalieni ni nani kati yenu amekaa.

Mrithi wa Mkomani
Nimewasomea ndugu zangu zote jana baada ya isha. Hati ina jina la nyanya, hilo lilitunyamazisha. Wiki hii dada anapeleka faili kwa kadhi, mie na fundi tutaanza na dari. Swali la Kijana wa Mui, la nani achangie chokaa, nimeshindwa kulijibu, na wala sidhani ni la kujibiwa na mimi.

Vigae vingali kwenye maboksi. Anayejenga Mokowe au Hindi, huko bara, na akavitaka aje aongee na kaka, bei yake bado ni ya kinyongo.