Dar hadi New York ni masaa mangapi angani? Mama anasafiri Alhamisi

Binti wa Pangani: Habari zenu wakuu, naomba msaada wa haraka. Mama anakwenda New York Alhamisi, dada yangu anakaribia kujifungua. Ni Dar hadi Nairobi, halafu moja kwa moja. Tiketi inaonyesha Nairobi anaondoka saa 5 usiku, anashuka saa 12 asubuhi. Ni masaa 7 tu, au nakosea? Ana miaka 63.

Mtu wa Anga: Saa za kule ziko nyuma yetu kwa masaa 8 majira haya. 7 jumlisha 8, ni masaa 15 bila kutua, karibu kilomita 11,800. Kurudi inapungua kama saa moja, upepo wa juu unavuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Mzee wa Korogwe: Nilipanda hiyo 2019. Nilikaa dirishani, majirani zangu wawili wamelala, nikaona haya kuwaamsha. Nimebana mkojo hadi baharini huko! Mchukulieni siti ya njiani.

Ukhty: Siku hizi mabinti mnawageuza mama zenu mayaya. Kumlea mzazi ni heshima, lakini mmemuuliza kama anataka?

Binti wa Pangani: Anataka sana, begi kafunga tangu Jumapili. Je, akipitia Doha si atapumzika?

Mtu wa Anga: Doha hadi New York peke yake ni kama masaa 14, hujapunguza kitu. Amsterdam ndiyo inayoikata safari katikati. Lakini mbona unahangaikia urefu tu? Mama ana tatizo gani?

Binti wa Pangani: Mzima kabisa. Ila aliteleza bafuni, wiki iliyopita katolewa hogo. Mguu umevimba kidogo, tuliambiwa ni kawaida. Tiketi ni milioni 3 na nusu, hairudishwi. Na soksi za kubana tumeshanunua.

Nesi wa Zamu: Hilo ndilo ungeanza nalo, mdogo wangu. Aliyekwambia ni kawaida alijua kuna ndege ya masaa 15? Mguu uliotoka kwenye hogo damu inaweza kuganda mshipani, na kukaa kitako muda mrefu kunazidisha. Donge likikimbilia kwenye mapafu linaua. Soksi haziliyeyushi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mashavu ya miguu yote miwili, usawa mmoja chini ya goti. Nasubiri.

Kijiwe Nongwa: Wakuu, hii chai. Mwezi wa nane huyu huyu alikuwa anauza kiwanja cha marehemu mama yake. Leo marehemu anapanda ndege?

Mzee wa Korogwe: Eh! Na mimi nilishamwombea dua.

Binti wa Pangani: Aliyefariki ndiye aliyenizaa. Huyu ni mama mdogo, kanilea tangu darasa la pili, sijawahi kumwita jina lingine. Nimempima sasa hivi kitandani. Kulia sentimita 36, kushoto 40. Nikibonyeza, kidole kinaacha shimo.

Kijiwe Nongwa: Nisamehe, dada.

Nesi wa Zamu: Usiukande huo mguu. Mpeleke hospitali yenye utrasaundi usiku huu, usingoje kuche. Kifua kinambana? Anapumua vizuri?

Binti wa Pangani: Anapumua vizuri. Bajaji iko nje. Nimempigia dada, analia, anasema tiketi tuiache.