Ongezeko la ada za bima ya maisha na bima za kawaida linatoka wapi?

Mjumbe wa Bodi, Tabora Mjini
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa bodi ya SACCOS, na nimepewa jukumu la kuwaeleza wanachama mwenendo wa mapato ya ada za bima kabla hatujaamua kama tuingie katika biashara ya uwakala. Taarifa ninazozisoma husema kwamba ada zimeongezeka, za muda mrefu (yaani bima ya maisha) na za muda mfupi (yaani bima za kawaida, kama za magari na mizigo), lakini mtaani sioni watu wengi zaidi wenye bima. Ongezeko hilo linatoka wapi?

Wakala, Kigoma Ujiji
Ndugu Mjumbe, ada inaweza kupanda bila kupatikana mteja mpya hata mmoja. Bima kubwa ya gari hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na bima ya mizigo inayovuka ziwa kwenda Kongo na Burundi hufuata thamani ya shehena, kwa hiyo bei zikipanda, ada nazo hupanda. Ada zikikua kwa asilimia 8 wakati mfumuko wa bei ni asilimia 5, ukuaji halisi haufiki hata asilimia 3. Miradi mikubwa nayo, kama reli ya kisasa, huleta ada nyingi za bima ya ujenzi ambazo hukoma kazi ikiisha. Usizihesabu kama soko la kudumu.

Mhasibu Mstaafu, Tabora
Nakubaliana na Wakala, lakini upande wa maisha una habari yake. Ada nyingi huko hutokana na bima za vikundi, ikiwemo bima ya mkopo, inayolipa deni mkopaji akifariki, ambayo mara nyingi hukatwa siku mkopo unapotolewa. Benki zikikopesha zaidi, ada hukua, ingawa mkopaji hakuwahi kukusudia kununua bima. Niliwahi kumsaidia mjane wa mwalimu ambaye aliendelea kudaiwa deni la marehemu kwa miezi kadhaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba deni lile lilikuwa na bima. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndiyo maana nakuomba uwaulize wanachama wako kwanza kama wanazijua bima walizokwisha kuzilipia.

Angalia pia namna ya kuhesabu. Bima ya mwaka mmoja iliyouzwa tarehe 1 Oktoba kwa shilingi 1,200,000 huingiza shilingi 300,000 tu katika mapato ya mwaka huo, kwa kuwa kufikia tarehe 31 Desemba ni miezi mitatu tu iliyohudumiwa. Aidha, tangu tarehe 1 Januari 2023 kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bima, IFRS 17, kimebadilisha namna ya kuhesabu mapato ya bima katika hesabu za kampuni, na sehemu ya akiba ndani ya bima ya maisha haihesabiwi tena humo. Usilinganishe mapato ya mwaka 2022 na ya 2023 kabla ya kuhakikisha kwamba yamepangwa kwa kiwango kimoja.

Wakala, Kigoma Ujiji
Mzee amesema kweli. Niongeze kwamba Afrika Kusini, ambako sheria za mwaka 1998 zilitenganisha bima za muda mrefu na za muda mfupi, bima ya maisha ndiyo kubwa, ilhali hapa kwetu bima za kawaida ndizo zinazoongoza. Mwenendo wao usiwe kipimo chetu.

Mjumbe wa Bodi, Tabora Mjini
Shikamoo Mzee, na ahsante Wakala. Nitaomba idadi ya mikataba na ya watu waliokatiwa bima, kisha niiweke kando ya ada. Kesho naanza na majalada ya mikopo yetu wenyewe, nione ni wajane wangapi hawajaambiwa.