Kompyuta ya mzee ya hesabu za kahawa imekuwa nzito mno: niiboreshe au nitafute nyingine? (Moshi)

Mwana_wa_Kibosho:

Heshima kwenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mzee wangu ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kibosho. Umri umekwenda, lakini Excel anaijua vizuri: majina ya wakulima, kilo za kahawa ya maganda alizoleta kila mmoja, malipo ya awali, makato ya pembejeo, na malipo ya pili kahawa ikishauzwa mnadani. Zaidi ya hapo anaandika barua na mihutasari ya vikao, anachapa, anafungua barua pepe. Basi. Hachezi gemu wala hahariri video.

Mashine ni Dell OptiPlex 3020, ile kesi ndogo, Core i5-4590, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Akiiwasha asubuhi, taa ya diski inawaka moja kwa moja bila kupepesa. Mzee anakwenda kukata majani ya ng'ombe, akirudi kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Nilifungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumika) nikakuta diski iko 100% wakati prosesa haifiki hata 10%. Saa nayo inarudi nyuma kila umeme ukikatika.

Fundi mmoja wa mjini kaniambia hii ni ya kutupa, nimpe laki sita na nusu aniletee ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane. Mfukoni nina laki tatu. Msimu uko karibu na mzee hawezi kukaa bila kompyuta. Nifanyeje?

FundiMajengo:

Usitupe mkuu. Umeshajijibu mwenyewe hapo kwenye Task Manager: prosesa imekaa haina kazi, inasubiri diski ilete data. i5-4590 ina viini vinne na inapanda hadi GHz 3.7, kwa jedwali la wakulima inatosha na kusaza.

Nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA, yaani inayotumia waya kama wa diski uliyonayo, ya inchi 2.5, GB 240 au 256. Diski ya kuzunguka ikiwa nzima inasoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya SATA inakaribia 500. Ila tofauti yenyewe haiko kwenye hizo namba. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika, na diski ya kuzunguka lazima isogeze kichwa chake huku na kule kwa kila faili. SSD haina cha kusogeza. Hapo ndipo muda wa mzee unapopotelea. Muuzaji asikupe ile nyembamba inayoitwa M.2, bodi ya 3020 (ubao mkuu wa ndani ya kesi) haina pa kuichomeka.

Kisha RAM. 3020 ina nafasi mbili tu na mwisho wake ni GB 16. Inatumia DDR3 ndefu ya kompyuta ya mezani, si DDR4, wala ile fupi ya laptopu. DDR4 haiingii kabisa, pengo lake limekatwa sehemu nyingine, na ukimwachia mtu alazimishe anakuharibia nafasi ya kuchomekea. Fungua kesi uangalie kama hiyo GB 4 ni kipande kimoja au viwili kabla hujapanda gari kwenda mjini. Pia hakikisha Windows aliyonayo ni ya biti 64, maana ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukichomeka 16.

Saa kurudi nyuma ni betri ya bodi, ile ya duara CR2032. Ni hela ndogo sana, badilisha tu. Tarehe ikiwa mbovu, tovuti nyingi zinagoma kufunguka na mzee atadhani intaneti imekata.

MhasibuAR:

Namheshimu FundiMajengo ila kuna jambo hajaligusa. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa utaratibu wao inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa upande wa Intel prosesa kuanzia kizazi cha nane. Hiyo ya mzee ni ya mwaka 2014. Hesabu za wakulima ni jasho la watu, si kitu cha kuweka kwenye mashine isiyo na ulinzi. Mimi ningejikaza nifike hiyo laki sita na nusu.

FundiMajengo:

Kwenye tarehe uko sahihi kabisa. Lakini Microsoft wamefungua mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi, unafika 13 Oktoba 2026. Mzee aingie kwa akaunti ya Microsoft, akubali kuhifadhi mipangilio yake huko, halafu ajiandikishe kwenye sehemu ya masasisho. Hapo anavuka msimu huu.

Halafu tazama hela inavyokwenda. SSD inahamishika. Mwakani akipata mashine ya kizazi cha nane, anaichomoa hii hii anahama nayo. RAM ndiyo haihami, kwa sababu zile zinatumia DDR4. Ndiyo maana nasema SSD nunua mpya yenye waranti, RAM chukua ya mtumba.

Kijana_wa_Njiro:

Wakuu mbona mnahangaika? Windows 11 inaingia kwenye kizazi cha nne ukiiandaa flashi kwa programu ya Rufus, inaruka hayo masharti ya TPM. Natumia hivyo na inakwenda.

MhasibuAR:

Kwako wewe unayejua kujitoa ikigoma, sawa. Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Likija toleo likagoma wakati wa malipo, nani atapanda Kibosho siku hiyo?

Mti_Mkavu:

Linux Mint. Ni mfumo mwingine badala ya Windows. Bure, nyepesi, habari ya virusi inapungua sana.

Mwana_wa_Kibosho:

Asante mkuu, ila mzee fomula zake zote ziko Excel na mkono umeshazoea. Sitaki kumfundisha upya msimu ukiwa mlangoni.

MamaSteshenari:

Mwanangu, hongera kwa kumjali baba. Mimi nina steshenari hapa Arusha, Ngarenaro, na watu wananiletea kompyuta wakiwa wanalia. Nataka kukuuliza vitu ambavyo hawa kaka zangu wamevipita.

Nakala nyingine ya data iko wapi? Diski kukaa 100% muda wote mara nyingi ni uzito wa kawaida, lakini mara nyingine ndiyo inakufa. Kabla hujagusa bisibisi, nakili folda zote za mzee kwenye diski ya nje. Si flashi moja ile anayozunguka nayo. Kisha weka programu ya CrystalDiskInfo, inasoma hali ya diski. Ikiandika Good unapumua kidogo. Ikiandika Caution kwa njano, usiiamini tena na kitu chochote.

Hiyo kompyuta ni ya nani, ya baba au ya chama? Kama ni ya chama, usitoe hela yako kimya kimya. Bodi ya chama ikae, iandikwe kwenye muhtasari, risiti ziwekwe kwenye faili la chama. Na hata kama ni ya baba, zile kumbukumbu ni za wakulima. Mwenyekiti ajue kwamba mashine inafunguliwa na kwamba nakala ipo, na ipo wapi. Siku mkulima akiuliza kilo zake zimekwenda wapi, baba yako asibaki peke yake.

Jingine ni flashi. Mzee akipeleka kuchapa mjini, au flashi ikapita kompyuta za watu wengi, inarudi na kirusi kile kinachogeuza mafolda yote kuwa vijishale vya njia ya mkato. Watu wakiona hivyo wanafomati, wanapoteza kila kitu, kumbe mafaili yapo humo humo, yamefichwa tu. Ikimtokea, mwambie asifomati, akupigie.

Mwisho, kaa naye mezani. Muulize anabonyeza nini kwanza akiwasha. Folda zake zirudi palepale zilipokuwa. Kompyuta iende kasi namna gani, kama baba hajui faili la malipo limehamia wapi, hujamsaidia.

Mwana_wa_Kibosho:

Shikamoo mama. Hilo la bodi sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kompyuta ni yake mwenyewe, lakini kazi karibu yote ni ya chama. Nitakaa naye kabla ya kikao.

MamaSteshenari:

Marahaba mwanangu. Kama kazi ni ya chama, chama kinaweza kuchangia. Aombe kwa barua, asione aibu.

Umeme_Kwanza:

Mmeongea yote hamjagusa umeme. Ukikatika wakati Excel inaandika faili, hata SSD haikuokoi. Tafuta UPS (kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 650. Kazi yake si kumfanya aendelee kazi, ni kumpa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Chomeka kesi na monita tu. Printa ya leza kaa nayo mbali na UPS, inavuta umeme mwingi ghafla ikipasha moto, UPS itapiga kelele na kuzima kila kitu. Na masika radi zikianza, achomoe plagi ukutani, kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Mwana_wa_Kibosho:

Wakuu narudi na majibu. Nimefungua kesi: RAM ni kipande kimoja cha GB 4, DDR3, nafasi ya pili iko wazi. Vumbi lilikuwa limeshikamana kwenye feni mpaka mapanga hayaonekani, nimelitoa kwa brashi laini. Windows ni ya biti 64. CrystalDiskInfo imeandika Caution, mstari wa Reallocated Sectors Count (sehemu mbovu za diski zilizobadilishwa) ndio wenye njano.

Nakala nimeshatoa kwenye diski ya nje, na tumefungua mafaili ya malipo pamoja kwenye laptopu yangu kuhakikisha yanafunguka. Mzee amesema, "Fanya, ila jedwali la malipo ya pili nilione kwa macho yangu kabla hujaondoka."

Mpango: SSD mpya GB 256, RAM GB 4 ya mtumba, betri ya bodi, inayobaki naiongezea kwenye UPS. Swali la mwisho: nikopi diski nzima kwenda SSD au niweke Windows upya?

FundiMajengo:

Kwa hiyo Caution, usikopi diski nzima. Zoezi hilo linaisomesha diski mgonjwa mwanzo hadi mwisho, na faili za Windows zilizoharibika utazihamisha pamoja na uharibifu wake. Weka upya. Tengeneza flashi kwa programu ya Microsoft yenyewe, chagua toleo lilelile, Home au Pro kama ilivyo sasa. Kama Windows yake ilikuwa halali imeamilishwa, itajitambua kwa bodi ukiunganisha intaneti, ufunguo hauhitajiki. Office ni habari nyingine: angalia sasa hivi ni toleo gani na kama ufunguo au akaunti yake ipo, usije ukakwama baadaye.

Kabla ya kuzima mara ya mwisho, piga picha kioo chake kwa simu, pamoja na printa zilizoorodheshwa. Ukimaliza, panga kila kitu kama kwenye picha, ujaribu kuchapa ukurasa mmoja mbele yake.

SSD ikiyumba kwenye nafasi ya diski kubwa, tafuta kishikizo cha inchi 2.5 kwenda 3.5. Waya wa data na wa umeme ni zile zile za diski ya zamani. Hiyo ya zamani usiifute, iandike tarehe, mzee aifungie kabatini mpaka malipo ya pili yaishe.

MhasibuAR:

Hapo nakubali. Laki tatu inatosha kumvusha msimu, na barua ya kuomba mashine nyingine iende kwenye bodi mapema.