Jua lipo uani kwako? Anikia nguo, sisi tunakwenda Longreach

MwanaRufiji (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimeingia ndani sasa hivi, viatu sijavua, naandika nimesimama jikoni. Mnamjua. Wote mlioko Brisbane, Logan na Ipswich huku Australia mnamjua, sina haja ya kumtaja. Anavyoingia msibani na funguo za gari zikining'inia kidoleni, hata mtoto wa chekechea anajua ni yeye. Leo kanidhalilisha mbele ya mama yangu mzazi.

Miezi minane! Tangu Novemba napanga safari ya Longreach, ule mji wa bara magharibi ya Queensland, watu 14, twende tukapande boti jioni kwenye Mto Thomson tutazame jua linavyozama. Nina daftari zima. Nimeandika nani analala wapi, nani anaendesha kipande gani, nani hali nyama gani. Leo kilikuwa kikao cha mwisho, kimefanyika kwake Logan kwa kuwa yeye ndiye mshika hela. Nikafungua daftari, nikaanza kusoma. Sijamaliza ukurasa wa kwanza, bwana mkubwa kanyanyua paja la kuku, kalielekeza dirishani, kasema:

"Yaani tuendeshe kilomita 1,200 kwenda kutazama jua? Jua lipo hapa uani kwangu, bure, na pilau juu."

Watu wakacheka. Wakuu, walicheka! Kuna mmoja alicheka mpaka wali ukamtokea puani, mwingine alipiga meza hadi kachumbari ikahama bakuli. Mama amekaa pembeni yangu. Ana miaka 71, amekulia Utete ukingoni mwa Rufiji, amekuja mwezi wa nne. Nilimpeleka kuona mto wa hapa Brisbane, akautazama na maghorofa yake, akaniuliza, "Mwanangu, taa zote hizi, samaki wanalala saa ngapi?" Toka siku ile nikasema mama huyu lazima aone mto wenye giza kabla hajarudi. Ana khanga kaitenga, hajaivaa hata mara moja, anasema ni ya boti. Sasa lile paja la kuku lilipoelekezwa dirishani, mama akashusha macho, akaanza kukunja pindo la khanga aliyovaa. Anakunja, anakunjua. Anakunja, anakunjua. Hakusema neno mpaka tunafika nyumbani.

Halafu mtu huyo huyo kaongeza eti ule si mto, ni mtaro. Mtaro! Mji wenyewe umeitwa Longreach kwa sababu ya kipande kirefu cha maji cha mto huo. Eti mamba watatula. Mamba gani? Wale wakubwa wako kaskazini na pwani. Maji ya Thomson yanateremka kusini-magharibi, yanakutana na Barcoo, yanakuwa Cooper Creek, na mwaka wa mvua kubwa kweli kweli ndiyo yanafika Ziwa Eyre huko jangwani. Bahari hayaijui. Huyo mamba angefika vipi, kwa basi?

Saa za jua nimezipigia hesabu mwenyewe. Jimbo zima la Queensland linatumia saa moja, lakini Longreach iko mbali magharibi, kwa hiyo mwezi wa saba jua Brisbane linazama kama saa 11 na dakika 10 jioni, kule linakaa karibu dakika 40 zaidi. Boti ni ya bapa, mnakaa kwenye viti kama mko barazani. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, kama Rufiji yenyewe. Kuna mwari, kuna mwewe, kuna kasuku weupe wanaorudi kulala kwenye mikalitusi kwa makelele. Mkishuka mnakuta moto umekokwa, nyama inatokota kwenye sufuria la chuma, na mkate wao uitwao damper unaokwa kwa makaa. Nilipomweleza mama alisema, "Kumbe na wao wanapalia moto juu!" Alifurahi kama kaonana na ndugu yake.

Sasa nane kati ya watu 14 wamenyoosha mikono hela ya kumalizia ihamishiwe kwenye nyama choma ya uani kwake. Wamepiga kura na mafuta ya pilau kwenye vidole! Mwezi wa saba wastaafu wa kusini wanakimbia baridi na nyumba zao za magurudumu, Longreach inafurika, nafasi nilizishika tangu mwaka jana. Nikiziachia leo, sizipati tena.

"Jua lipo uani kwangu." Lile jua ni lako wewe? Ulilinunua dukani?

---

Kisiki_cha_Mpingo

Nimekuja mbio nikajua mtu kaporwa mke. Kumbe jua.

---

BintiToowoomba

Huyo namjua na mguu wake namjua. Mwaka juzi aliazima masufuria yangu mawili makubwa ya shughuli. Moja limerudi halina kifuniko, la pili mpaka leo liko safarini. Ukimuuliza anasema, "Dada yangu, sufuria haliozi." Pole mkuu, umeanza kumjua leo.

---

Dereva_Mstaafu

Mkuu pole, ila na wewe 1,200 si mchezo. Petroli ya magari matatu umeipigia hesabu au daftari lina jua tu?

---

MwanaRufiji

Dereva, petroli iko ukurasa wa sita. Ningefika ukurasa wa sita vipi wakati ukurasa wa kwanza tu nimeelekezewa paja la kuku? Angesema hawezi kwenda, ningeelewa. Angesema hana hela, ningemlipia. Lakini kulinyanyua lile paja, akaligeuza taratibu, akalielekeza dirishani mbele ya mama yangu! Na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Jua haliko hata upande huo, wakuu. Upande ule ni mashariki!

---

Kisiki_cha_Mpingo

Kwa hiyo hasira ni ya jua, ya mama, au ya paja? Maana paja limetajwa kuliko mto.

---

Mama_Wawili_Ipswich

Kisiki acha hizo. Mimi nilikuwepo kikaoni. Mama wa watu alikunja khanga kweli, nilimwona, na mimi nilicheka, nimekosa. Nilinyoosha mkono kwa sababu mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mkuu, nafasi zangu mbili usiziachie, nitakutumia hela kesho bila kupitia kwa mshika hela.

---

Njia_ya_Warrego

Mimi naendesha lori njia hiyo kila wiki, nisikilizeni kidogo. Toka Brisbane panda Toowoomba, lala Roma. Kesho yake Augathella, Tambo, Blackall, Barcaldine, ndiyo uingie Longreach. Jua likianza kushuka, egesha. Kangaruu hutoka jioni na alfajiri, na haangalii kulia wala kushoto, anaruka tu. Emu, lile lindege kama mbuni, ndiye mjinga zaidi, anakukimbilia. Na hayo malori yetu ya matrela mawili matatu, mengine ni mita 50 na ushee, usijaribu kuyapita kama huoni mbele mpaka upeo wa macho. Mama akichoka na gari kuna treni ya Brisbane hadi Longreach, inalala njiani, mara mbili kwa wiki.

Ila na mimi nina langu. Hao wenye nyumba za magurudumu! Anatembea 80, nyuma yake malori sita, na hatoi njia. Amening'iniza bango nyuma, "Tunafurahia uzee wetu." Furahieni pembeni basi! Juzi mmoja kasimama katikati ya daraja apige picha ndege. Darajani, ndugu zangu. Nilipiga honi mpaka ndege akaondoka.

---

Dereva_Mstaafu

Njia_ya_Warrego, hao bora. Mimi wamenimaliza wanaowasha taa kali usiku na hawashushi.

---

Pwani_Tupu

Nyie mnalilia jua la mtoni. Mwaka jana nilirudi Unguja, nikawapeleka watoto Nungwi kupanda jahazi jioni. Nimewahadithia njia nzima: tanga, upepo, ukimya. Tumefika baharini, nahodha kalikunja tanga kawasha mashine ya boti, ikawa inakohoa moshi usoni. Kijana wake kafungua spika kubwa kuliko kabati, kapiga muziki wa disko mpaka jua lenyewe likaharakisha kuzama. Mwanangu kaniuliza, "Baba, hiki ndicho kile ulichokuwa unakililia Australia?" Sikuwa na jibu.

---

Mtoto_wa_Uvira

Poleni wote. Kama ni jua la majini, Ziwa Tanganyika lashinda. Kwetu Uvira, lile jua ukiliona juu ya ziwa, hutatafuta Thomson wala nani.

---

Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Wewe wa Uvira tulia. Uvira iko magharibi ya ziwa, jua linazama nyuma yenu milimani. Nyie mnaliona likichomoza. La kuzama ziwani ni letu, Kigoma.

---

Buja_Moja

Na Bujumbura. Sisi tunakaa ufukweni, jua linashuka nyuma ya milima ya Kongo, viboko wanatoka. Kigoma mnatuiga.

---

Mtoto_wa_Uvira

Milima inayowapendezeshea jua ni ya nani? Semeni asante kwanza.

---

MwanaRufiji

Jamani narudi. Kanitumia ujumbe saa hii. Hajaomba radhi. Katuma picha ya uani kwake, uzio wa mabati, kamba ya nguo, na chini kaandika: "Longreach hii hapa, karibu mama." Karibu mama! Jina la mama yangu kalitia kwenye mzaha wake! Nimemwonyesha mama nikidhani atakasirika. Kaitazama picha, kaikuza kwa vidole, kauliza, "Hizi ndizo taulo zake? Mbona haziendi kufuliwa?" Halafu kaniambia nisigombane na mtu mzima kwa ajili yake, Rufiji ataiona akirudi. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko yote. Mama anaanza kuniliwaza mimi!

Mimi naenda. Tukiwa wanne tunakwenda, tukiwa wawili tunakwenda. Usiku kule mwezi wa saba baridi inashuka chini ya nyuzi 10, nimeshamnunulia mama soksi nene za sufu na chupa ya chai. Atakaa kiti cha mbele.

---

Shemeji_Darwin

Leteni kwetu kaskazini huku. Hifadhi ya Kakadu, pale Yellow Water, boti ya jioni, mamba wenyewe wale unaowakana unawaona wamelala ukingoni midomo wazi. Kumpeleka mama Longreach kutazama mwewe ni kumpunja.

---

MwanaRufiji

Mama yangu katoka Rufiji, mamba kawaona kabla hujazaliwa. Shangazi yake alichukuliwa na mamba akiteka maji. Haendi likizo kutazama mamba. Anataka mto unaoweza kukaa ukingoni ukaosha miguu.

---

Shemeji_Darwin

Hapo nimenyamaza, mkuu. Nisamehe.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Turudi kwenye mambo ya msingi. Hilo pilau lilikuwaje? Maana watu wanane kuuza safari ya miezi minane si jambo dogo. Nani kapika?

---

Mama_Wawili_Ipswich

Kapika mkewe. Lisemwe la kweli, lilikuwa pilau. Nyama ya mfupa, viazi vimekaa vizuri, mdalasini haukupiga kelele. Nilichukua na la kubeba.

---

Pwani_Tupu

Viazi kwenye pilau? Huo ni msiba.

---

Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Pwani mna nongwa. Pilau bila viazi ni wali uliochafuka.

---

Buja_Moja

Nyie wote hamjui pilau, mnaweka bizari kama mnatibu kuku.

---

Pwani_Tupu

Mtu wa Bujumbura ananifundisha mimi pilau. Naomba nitolewe humu.

---

BintiToowoomba

Subirini kwanza. Mama_Wawili, hilo pilau la watu wengi hivyo lilipikwa kwenye sufuria gani?

---

Mama_Wawili_Ipswich

Kubwa lile la alumini, la shughuli. Limebonyea ubavuni kidogo.

---

BintiToowoomba

Lina mpini mmoja umefungwa waya mwekundu?

---

Mama_Wawili_Ipswich

Ndiyo. Waya mwekundu, na limefunikwa kwa sinia kwa sababu halina kifuniko.

---

BintiToowoomba

NI LANGU HILO! Nawasha gari sasa hivi. Toowoomba mpaka Logan, nani yuko macho anisindikize?

---

Njia_ya_Warrego

Niko Gatton napakia. Pita njia hii, nakusubiri kwenye kituo cha mafuta.