Naomba ushauri: MRI (picha ya sumaku) kabla ya kutoa kipande cha nyama cha kupima?

Hamjambo ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 12, tuko Kisumu. Goti limemuuma tangu Machi, hasa usiku, na juu yake pamevimba. Tulimchua kwa dawa wiki sita tukidhani ameumia mpirani, najuta sana. Eksirei imeonyesha mfupa wa paja umelika karibu na goti.

Daktari mmoja anataka kutoa mara moja kinyama cha kupima kama ni saratani. Mwingine anasisitiza MRI ya paja zima itangulie, kisha CT (eksirei ya kompyuta) ya kifua kuangalia kama imefika mapafuni. Huyu wa pili ananiingia akilini, maana kidonda cha kupimia huvuruga picha.

Mliopitia haya, mlisubiri MRI muda gani hapa magharibi? Na SHA, bima ya afya ya serikali, ililipia picha zote mbili?