MREJESHO: Yule aliyenipigia akachukua namba za kadi yangu

Habari wapendwa. Mwezi uliopita niliomba msaada hapa: jamaa alinipigia, akajitambulisha kuwa ni wa kitengo cha kadi cha benki yangu, akasema kadi itafungwa. Nikamsomea namba 16, zile tatu za nyuma ya kadi, na mwishowe namba sita zilizoingia kwa meseji. Meseji yenyewe iliandikwa "usimpe mtu yeyote". Niliisoma huku yeye akinihimiza nisikate simu.

Ziliondoka shilingi 840,000 kwa miamala miwili.

Asanteni mno mlioniambia nifunge kadi usiku uleule, nisingoje asubuhi. Hilo ndilo lililoniokoa: muamala wa pili, 310,000, ulikuwa haujakamilika, ukazuiwa, na pesa zimerudi baada ya siku 19. Ule wa kwanza, 530,000, benki imekataa kurudisha kwa kuwa namba za meseji nilizitoa mwenyewe. Inaniuma, ilikuwa ada ya mwanangu.

Polisi nimefungua RB (taarifa ya tukio), bado kimya. Namba ya tapeli nimeituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kadi mpya ninayo, na malipo ya mtandaoni nimeyafunga.

Dada uliyenipigia hadi saa saba usiku, Mungu akubariki sana.