Naomba ushauri: picha za Irente zimegandana na albamu

Wakuu, shikamooni wakubwa.

Mzee alifundisha Lushoto miaka ya 80, na kila Jumapili alitupandisha Irente. Unasimama ukingoni mwa mwamba, nyika ya Wamasai yote iko chini yako, barabara ya Mombo kwenda Same inaonekana kama uzi. Picha zilipigwa kwa kamera ya filamu, mkanda mmoja picha 36, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kupepesa macho! Ipo moja ya mama kashika kikapu cha matunda damu, ukungu nyuma yake. Hiyo ndiyo ninayoitaka zaidi.

Tatizo, albamu imekaa Dar miaka yote na unyevu umezigandisha kwenye nailoni. Niliibandua moja, rangi ikabaki kwenye nailoni. Nikaacha.

Jirani anasema niziloweke kwenye maji, mwingine anasema niziweke kwenye friza kwanza. Negativu hatuna. Au nizipige hivyohivyo na simu juu ya nailoni? Nimejaribu, mwanga wa taa unang'aa usoni kwa mama.

Aliyewahi kuokoa picha za namna hii alifanyaje?